Nilivyomuuza Mmarekani

Kazi yangu ni kufuta. Mtu akikimbilia kazini asubuhi akagonga nguzo ya geti lake mwenyewe, huniletea gari kabla mkewe hajaliona. Nami hunyoosha bati, nikasugua, nikapaka rangi, na jioni yeye akarudi nyumbani akisalimia watu kama kawaida. Nimefanya hivyo hapa Nakuru tangu nilipokuwa msichana mpaka sasa nimekuwa nyanya. Sheria ya kazi yetu ni moja: ukifanya vizuri, hakuna anayeona. Ukifanya vibaya, mji mzima unajua yadi yako iko wapi.

Watu husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwangu mimi mteja hulipa ili pasionekane kwamba pameundwa. Niliwahi kunyoosha gari lililobingirika kwenye mteremko wa Mbaruk, paa limeshuka hadi kwenye viti. Mwenyewe alipokuja kulichukua alilizunguka polepole, akapitisha kidole kwenye mlango, akaniambia, "Aki mathe, ni kama hakuna kitu ulifanya." Alikuwa ananisifu. Nilicheka naye, tena nikamshukuru, lakini alipoondoka nilikaa kwenye kiti changu na hasira ambayo sikujua nimwelekeze nani.

Nayasema haya kwanza ili nieleweke nitakapofika kwenye kuuza, maana wapo watu hadi leo wanaosema nilikuwa na kiburi. Nilikuwa nacho. Wangekuwa wao wangekuwa na kikubwa zaidi.

Gari lenyewe nililipata Bahati, kwa jirani wa mama yangu. Pale palikuwa shamba la mzungu zamani, likaja likagawanywa, na kila familia ikapata kipande chake pamoja na chochote kilichokuwa kimesimama juu yake. Jirani wa mama alipata mikaratusi, tangi la maji lililotoboka, na gari la Kimarekani la miaka ya hamsini, refu kuliko zizi lake la ng'ombe, lenye mabawa mawili nyuma. Usukani wake ulikuwa kulia kama wa magari yetu mengine, kwa hiyo hata barabarani lingefaa. Ila nilipoliona halikuwa na magurudumu wala vioo, na ndani mliishi kuku. Walilala kiti cha nyuma, wakataga kiti cha mbele, na jogoo alikuwa na nafasi yake juu ya usukani.

Nilimwambia yule jirani, mama mzee, kwamba nalitaka. Alinitazama kama mtu aliyeombwa nyumba.

"Ukichukua hiyo, kuku yangu italala wapi?"

"Nitakujengea banda, mathe."

"Ya mabati?"

"Ya mabati, na mlango ya kufunga."

Akafikiri. "Na uweke mahali ya jogoo."

Hivyo ndivyo nilivyolinunua. Nilijenga banda la mbao na mabati, nikaweka fito ya juu kwa ajili ya jogoo, na yule mama akalikagua kwa kulisukuma na bega kabla hajakubali. Gari lilipokuwa likipandishwa kwenye lori, mama yangu alisimama kando amefunga mikono kifuani. Akasema, "Watoto ya wengine wanaleta vitu nyumbani. Wewe unakuja kuchukua kinyesi ya kuku." Tulipofika Nakuru tukamkuta kuku mmoja chini ya kiti, amelalia mayai, hataki kutoka. Kesho yake nilimrudisha Bahati pamoja na mayai yake, kwa sababu makubaliano yalikuwa gari bila kuku.

Nililitengeneza kwa miaka, katikati ya kazi za watu. Sakafu yake ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukikaa ndani unaona majani. Wengi wetu mahali palipooza hupaziba kwa fila, ule uji mzito unaokauka ukawa kama jiwe, kisha rangi ikafunika aibu. Sikutaka. Kila palipooza nilipakata, nikapima bati jipya, nikalipinda kwa nyundo juu ya gogo, nikalichomelea. Ilikuwa kazi ya kichaa. Wenzangu wa yadi za jirani walikuwa wakipita wakiniuliza kama Mmarekani ameamka leo au bado amelala, na jina likashika hapo hapo. Hata wateja wakaanza kusema, "Tukutane pale kwa Mmarekani."

Sikutaka kumrudisha alivyokuwa alipotoka kwao. Huko kwao sikujui. Nilitaka awe gari la hapa. Injini yake ya zamani ilikuwa inakunywa petroli kama wakwe kwenye sherehe ya mahari, nikaitoa, nikamwekea injini ya dizeli ya pikapu ya Kijapani ambayo kila fundi kuanzia hapa hadi Molo anaweza kuifungua akiwa amefumba macho. Nilimwinua juu kidogo, kwa maana waliomchora hawakuwahi kuiona barabara ya kwenda Mau mvua ikinyesha. Dashibodi iliyokuwa imepasuka niliibadilisha kwa mbao za mutamaiyo, ule mti mgumu wa porini unaovunja misumeno. Viti nilivishonesha kwa ngozi ya ng'ombe wa hapa, na katikati ya kila kiti pana ukanda wa mistari kama ile ya kikapu cha kiondo, niliouchora mwenyewe kwa chaki. Vyuma vyake vya kung'aa, bampa na mapambo ya milangoni, vilikuwa vimefifia kabisa. Nilivisugua kwa unga mweupe wa Kariandusi, ule unaochimbwa mlimani kule karibu na Elmenteita, kwa kitambaa chenye maji, jioni baada ya jioni, mpaka vidole vikanipasuka.

Halafu rangi. Anayeijua Nakuru anajua vumbi lake, na anayepaka rangi magari Nakuru anamjua shetani kwa sura. Unaweza kupaka vizuri kiasi cha kutaka kuimba, kisha upepo mmoja ukashuka na kumwaga mchanga juu ya boneti mbichi, na kazi yote ikawa ya kurudia. Siku hizo sikuwa na chumba cha kufunga. Kwa hiyo nilipaka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Nilikuwa namwaga maji ardhini yadi nzima mpaka tope linashika viatu, nalowesha magunia nayatundika ukutani, nalowesha hata nguo zangu mwenyewe ili nisibebe vumbi, kisha napaka kwa pumzi ndogo ndogo nikisikiliza mabati ya paa. Yakianza kulia, naacha. Mmarekani alichukua alfajiri nyingi. Bodi nilimpa rangi nyekundu iliyoiva ya maharagwe mabichi yakitoka kwenye ganda, na paa nikampa nyeupe.

Siku ya kwanza nilipomtoa ilikuwa Jumapili. Nilipita katikati ya mji nikiwa na kilemba changu cha kanisani, nikaenda mpaka kituo cha mafuta cha barabara ya Njoro. Mtu aliyekuwa akijaza lori aliacha bomba likimwagika. Watu wakaja, wakachungulia, wakagusa. Na mmoja wao, mzee mwenye koti la mvua ingawa mvua haikuwapo, akauliza kitu ambacho sikuwa nimewahi kuulizwa katika kazi yangu yote.

"Nani alitengeneza hii?"

"Ni mimi," nikasema.

Sijui kama nilisema kwa sauti kubwa sana. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa sana. Siku ile nilijivuna, na sitaki kutumia neno la upole zaidi ya hilo. Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Basi kwa nini nilimuuza? Kwa sababu ya vumbi. Umri unakwenda, na kuamka kabla ya upepo kila siku si kazi ya magoti kama yangu. Nilitaka chumba cha kupakia rangi, chenye kuta, feni na milango inayofunga, nipake saa nne asubuhi nimeshakunywa chai kama binadamu wengine. Cha thamani pekee nilichokuwa nacho ni Mmarekani. Nililia kidogo, nikamaliza, nikaandika kwenye karatasi "Linauzwa" nikaibandika kwenye kioo. Moyoni niliweka sharti moja tu: atakayelichukua aliache kama nilivyolifanya. Kila kitu kingine nilichowahi kushika mikononi kilikuwa kimetoka kikiwa hakina alama yangu, kwa kuwa ndivyo kilivyotakiwa kutoka. Hili ndilo lililokuwa na alama, na nilitaka iendelee kuwapo nisipokuwapo mimi.

Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliosema hivyo hawakuwahi kuuza gari. Changu kilikuwa chema, na kilijitembeza mpaka kikachoka. Walikuja maharusi wakitaka kuliegemea wapigwe picha, wakaondoka wakiwa wameniachia waridi la plastiki. Alikuja mtu akitaka tubadilishane kwa shamba ambalo hata yeye hakuweza kunionyesha mpaka wake. Akaja mwingine akaniuliza kama linaweza kubeba nyasi. Kila mmoja alilisifu, akashika kiuno, akasema atapiga simu.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka Nairobi. Alikuwa mtu wa kukusanya magari ya zamani, nadhifu, mwenye adabu, na viatu ambavyo aliviombea msamaha kabla ya kukanyaga yadi yangu. Siku hiyo mama yangu alikuwa amekuja mjini kliniki, nikawa nimemketisha kwenye kiti changu kivulini na chai yake. Yule bwana alitusalimia vizuri, akatoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, akaanza kulipima gari. Nilijua anachotafuta. Sumaku haishiki fila. Inapoanguka ndipo palipozibwa. Alianzia kwenye boneti, akashuka milangoni, akapiga magoti na viatu vyake vile akapima chini kabisa, mahali ambapo kila gari la zamani huwa limedanganywa. Sumaku ilishika kila mahali. Nilisimama nikimwangalia akiitafuta aibu na kuikosa, na nakiri sijawahi kustarehe namna ile.

Aliinuka akaniangalia upya. "Madam, hii kazi ya bati ni ya nani?"

"Yangu."

"Hakuna fila hata kidogo?"

"Tafuta tena."

Akacheka. Akataja bei. Sitaiandika hapa, ila ilikuwa bei ya kujenga kile chumba na kubaki na kitu. Nikamuuliza atalifanyia nini.

Aliniambia bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniumiza. Angelirudisha originali. Injini ya dizeli itoke, kuna moja sahihi angeiagiza. Lishushwe chini. Rangi ivuliwe yote, lipakwe buluu hafifu lililotoka nayo kiwandani. Viti na dashibodi vitupwe. "Nitaweka kila kitu vile ilikuwa," akasema. "Nikimaliza, hakuna mtu atajua liliwahi kuguswa."

Mama yangu alikuwa anasikiliza. Kwetu, na kwa majirani zetu wengi hapa bondeni, ng'ombe akiuzwa kamba haiendi naye. Mnunuzi huja na kamba yake mwenyewe. Ile iliyomfunga ng'ombe hubaki bomani, ili baraka ya mifugo isitoke na mguu wa yule anayeondoka. Mama aliweka kikombe chini akamuuliza yule bwana, "Na kamba ya mtoto wangu utamwachia gani?"

Ilibidi nimweleze. Aliielewa haraka, na kwa kweli alifurahi, akasema ni desturi nzuri sana. "Madam, wewe chagua. Chukua injini. Chukua viti, hiyo mbao, chukua zote. Mimi sitaki hizo."

Alidhani ananipa zawadi. Kamba ni kitu cha kufungia ng'ombe, lakini huyu alikuwa ananirudishia ng'ombe mzima abaki na pembe. Nikamwambia gari haliuzwi. Akadhani ni mbinu ya bei, akaongeza. Nikamwambia tena, na safari hii nadhani hata waliokuwa kituo cha mafuta walisikia. Aliweka sumaku yake mfukoni, akaniaga kwa heshima, akaagana na mama pia, akaondoka.

Nilipogeuka nilitarajia mama anigombeze. Yeye hunigombeza kwa chumvi kidogo kwenye mboga, sembuse bei kama ile. Alikuwa anamalizia chai yake.

"Huyo si mtu wa kununua," akasema. "Huyo ni mtu wa bucha. Ng'ombe ya maziwa haipelekwi bucha."

Nilifurahi kwa siku ile na labda kesho yake. Baadaye upepo ukaanza, ukanimwagia mchanga kwenye lango la nyuma la gari la mteja mara mbili mfululizo, na nikiwa nimepiga magoti kwenye tope nikilisugua upya nikajiuliza ni mtu gani mwenye akili anayekataa kuta na feni kwa sababu ya rangi. Gari ni lako mpaka utakapolipwa, nikajiambia. Likishatoka getini mtu akitaka alifugie kuku tena. Nilijiambia hivyo mara nyingi na sikujisadiki hata mara moja. Kama lingevuliwa rangi ile, ningebaki mtu ambaye amefanya kazi maisha yake yote na hana kitu cha kunyooshea kidole. Karatasi ya "Linauzwa" ikapauka kwenye kioo. Simu hazikuja.

Aliyekuja mwishowe alikuja na gambuti. Alikuwa mfugaji kutoka juu ya Njoro, upande wa Mau, mzee wa makamo aliyekuwa amepeleka maziwa mjini na aliyesema aliliona gari langu mara moja barabarani na likamkosesha usingizi. Hakuwa na sumaku. Alilikagua kama mtu anayekagua mtamba mnadani. Alilizunguka kimya. Akasimama nyuma yake mbali kidogo, akainamisha kichwa, akatazama kama miguu imesimama sawa. Akainama kuchungulia chini ya tumbo. Akalipiga kofi moja ubavuni, akasikiliza.

"Inakula nini?"

"Dizeli."

"Inakula mingi?"

"Kama pikapu tu."

"Imewahi gonjeka?"

"Ilikuwa imekufa," nikamwambia. "Mimi ndio niliifufua."

Akatikisa kichwa taratibu, akaniaga, akaenda zake bila kugusia bei. Nilidhani ndiye mwingine wa kusema atapiga simu. Lakini anayejua wafugaji anajua kwamba mtu akiuliza bei siku ya kwanza hana nia. Alirudi akiwa na mkewe, mama mrefu mwenye sweta ya kijani, na ikawa wazi nani hasa ndiye mnunuzi. Mama huyo alikaa kiti cha mbele, akahamia cha nyuma, akafungua na kufunga kila mlango. Akapitisha kiganja juu ya ile mistari ya kiondo kwenye kiti, polepole, akizihesabu rangi kimyakimya.

"Huyu alishona alijua anafanya nini," akasema. "Na huyu alichora?"

"Nilichora mimi."

"Mimi nimechoka kuenda kanisa na pikapu ya maziwa," akaniambia, kama watu waliofahamiana tangu utotoni. "Nanuka maziwa mpaka pasta ananiuliza bei ya lita."

Tukacheka sote. Nikawauliza lile swali langu. Wangebadilisha nini?

Mzee akageukia gari. "Nibadilishe nini? Hii iko mzuri." Kisha akakuna kidevu. "Labda tu kuweka ndoano hapo nyuma. Ya kuvuta trela ya maziwa."

Sikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Nilikuwa nimemfukuza mtu wa Nairobi na bei yake, na sasa Mmarekani anavuta mitungi ya maziwa. Nilifungua mdomo, lakini mkewe aliniwahi.

"Haweki," akasema.

"Si nimesema labda," akajitetea mzee.

"Haweki."

Mambo ya ndoano yakaishia hapo. Bei tuliyokubaliana ilikuwa chini ya ile ya Nairobi, na sikujali. Kuta zingejengwa, feni ingesubiri. Tukahamisha umiliki, tukashikana mikono. Nilikuwa nimempa mzee ufunguo, na yeye akawa anaugeuzageuza mkononi bila kuondoka.

"Na kamba yako, mama?" akaniuliza. "Mimi siwezi enda na kamba ya mtu."

Sikuwa nimemwambia neno lolote juu ya kamba. Ilinibidi nitazame pembeni kidogo. Tukaanza kufikiri kamba ya gari ni ipi. Yeye alipendekeza waya wa betri, nikamwambia basi utalisukuma mpaka Mau. Mkewe ndiye aliyetatua. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye kipande chembamba cha ngozi, kilichobaki viti viliposhonwa. Aliuchukua kwa mumewe, akafungua fundo kwa meno, akanirudishia ule ukanda na kubaki na ufunguo mtupu.

"Si hii ndio ilikuwa imemfunga?" akasema.

Nilimpigia mama simu Bahati kumweleza. Akauliza kama ukanda ni wa ngozi kweli au ni plastiki. Nikamwambia ni ngozi. Akasema basi hao ni watu, na akaniambia nisiuweke mahali panya wanaweza kufika.

Chumba kilijengwa. Kilikuwa kizuri. Nilipaka rangi saa nne asubuhi, upepo ukivuma nje unavyotaka, nikatoka na kazi safi isiyo na hata punje. Wateja waliendelea kuja kuchukua magari yao na kuniambia kwamba ni kama sikuwa nimefanya kitu. Nilipokosa usingizi nilikuwa nafikiria trela ya maziwa.

Mvua ndefu zilikuwa zimekolea simu ilipolia. Ilikuwa ni yule mzee, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Mama, hebu kuja. Kuna kitu imefanyika kwa gari."

Sikuuliza kitu gani. Nilipakia nyundo zangu, vibao vya kuegemeza bati, msasa na kopo la rangi ile ile niliyokuwa nimeiweka akiba, nikapanda Njoro na kuendelea juu, moyo wangu ukiwa umeshanionyesha mtaro, mti, na bampa lililokunjika. Nilipoingia bomani kwao nililiona limesimama nyuma ya nyumba, limeoshwa, linang'aa, bila ndoano nyuma. Nililizunguka. Mlango wa mbele upande wa kushoto ulikuwa umebonyea ndani, upana wa karai, na juu ya mbonyeo palikuwa na mikwaruzo miwili iliyofika hadi kwenye bati.

"Nani alifanya hivi?" nikauliza, na sikuuliza kwa upole.

Mzee akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa uzio. Alikuwa amesimama pale fahali mpya, mweusi mwenye kipaji cheupe, shingo nene, anatafuna, hana habari.

Alinieleza. Walikuwa wamerudi kanisani, wameosha gari, wakaliacha hapo kwenye jua likauke. Fahali akawa anapitishwa kwenda kunywa maji. Alipofika mbele ya mlango akasimama, akashusha kichwa, akakwaruza ardhi. Yule wa mlangoni, ndani ya ile rangi inayong'aa, naye akashusha kichwa, akakwaruza ardhi. Fahali akakoroma. Wa mlangoni hakurudi nyuma.

"Akampiga," mzee akasema. "Halafu akatafuta maiti yake chini ya gari. Jioni yote alikuwa anazunguka na kiburi."

Sikucheka, ingawa nilitaka. Bati lililobonyea kwangu ni kama mtoto anayelia. Mikono hujikunjua yenyewe. Nilitandaza gunia, nikapanga vyombo, nikafungua mlango nipate kufika kwa ndani, nikachagua nyundo. Nilimwambia wasiwe na wasiwasi, kesho jioni hakuna ambaye angejua palikuwa na kitu.

"Hapana," mzee akasema. "Hukuitwa ya kunyoosha."

Akaonyesha mlango kwa kidole.

"Hizo mikwaruzo tu. Weka rangi, kutu isiingie. Hapo pengine usiguse."

Nilikuwa bado nimeshika nyundo nilipouliza sababu. Kabla hajajibu, majirani wawili waliingia getini, mmoja na mwanawe mgongoni, na ikawa dhahiri kwamba hawakuja kwa maziwa. Mzee aliwapeleka moja kwa moja kwenye mlango. Akawainamisha watazame. Akaweka ngumi yake ndani ya mbonyeo kuwaonyesha kipimo chake, akawaonyesha fahali, akasimulia yote tangu kanisani, na walipomaliza kucheka akanionyesha mimi pale kwenye gunia langu.

"Na huyu ndiye aliipaka," akawaambia. "Fahali yangu, na macho yake yote mawili, aliona fahali."

Yule mwenye mtoto alinijia akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mke wa mzee akatoka jikoni akauliza kama nimekubali au bado nabishana. Nilifunika mikwaruzo kwa brashi nyembamba, kisha nikarudisha nyundo mkobani na kumwambia ndiyo, nitakunywa chai.